Tupande Ndege Ipi?

Ndugu msomaji, swali hili ukimwuliza mtu wa Nairobi au wa Johannesburg, atakutajia mashirika matano kwa mkupuo mmoja, halafu aanze kukusimulia habari za viti, chai na vitafunio. Ukituuliza sisi watu wa Mtwara, kwanza tutakutazama usoni. Kuchagua? Kwa miaka mingi hatukuwa na cha kuchagua. Ilikuwa ni ndege iliyopo, au meli, au ukae nyumbani ungoje masika yapite. Kwa hiyo naomba univumilie. Haya ninayoyaandika si tangazo la shirika lolote, wala sikupewa tiketi ya bure. Laiti ningepewa!

Mimi ni karani katika duka dogo la vipuri hapa mjini. Tunauza mikanda, beringi, vipuri vya pampu, vya mashine za kusaga na vya mashine za kubangulia korosho. Mwenye duka ni mama mmoja wa Kimakonde, mjane, ambaye sote tunamwita Mama. Yeye akiwa na furaha huniita "mwanangu"; akikasirika naitwa "bwana karani". Kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu, na mara mbili au tatu kwa mwezi kwenda Dar es Salaam kupeleka makaratasi, kukagua mzigo, kutia saini na kurudi. Safari ya siku moja, ikizidi sana mbili. Hizo ndizo safari ninazotaka kuzizungumzia.

Najua wapo washikaji watakaosoma hapa wacheke. Kijiweni kwetu nimeshapewa majina yote: Bwana Mkubwa, Mtu wa Mawinguni, Rubani. Ati karani wa duka la beringi naye anapanda ndege! Huwa nawajibu kwamba sipandi kwa raha. Basi la Dar linakula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na katikati uweke siku ya kazi yenyewe. Duka la watu watano haliwezi kumkosa karani siku tatu kwa ajili ya saini moja. Ndege inatumia kama saa moja. Hesabu ndiyo hiyo, bwana, hakuna maringo hapo.

Lakini tuseme kidogo habari za mahali penyewe, maana bila hizo utadhani natia chumvi. Mtwara ni mji uliojengwa ili vitu vipite. Waingereza walipokuja na ule mpango wao wa karanga mwaka 1947, walipanga Nachingwea ilime, reli ishushe mzigo pwani, na bandari ya kina kirefu ipakie meli. Karanga zikawashinda, mpango ukavunjwa 1951. Bandari ikafunguliwa 1954, karanga zenyewe hazipo. Reli nayo ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Tukabaki na mji wa barabara pana, bandari nzuri, na njia ya Dar ambayo masika yakianza inageuka matope.

Baba yangu alikuwa machinga kabla neno hilo halijaenea nchi nzima. Na neno lenyewe, kama hukujua, ni la kwetu Kusini, limetokana na Wamachinga wa Lindi. Alikuwa akitusimulia jinsi walivyokaa Ndundu, kwenye Mto Rufiji, siku tano juu ya lori wakingoja pantoni, wakila ming'oko waliyofungiwa nyumbani mpaka ikaisha. Daraja lilifunguliwa 2003, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi. Hata baada ya hapo, kile kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kututesa kwa miaka mingi kabla hakijapata lami yote.

Angani nako kulikuwa na mwenyewe mmoja tu. Zamani ilikuwa East African Airways. Ilipovunjika 1977 likaundwa Shirika la Ndege Tanzania, ATC. Miaka ya 1990 milango ikafunguliwa kwa kampuni binafsi. Precision Air ilianzia Arusha mwaka 1993, na baadaye ikaja hadi kwetu. Kisha kuanzia 2010 gesi ikagunduliwa kwa wingi kwenye kina cha bahari, na viti vya ndege za Mtwara vikajaa wageni wenye buti na mafaili. Shirika la umma nalo, baada ya usingizi mrefu, likapata ndege mbili mpya aina ya Bombardier Q400 mwezi Septemba 2016. Hapo ndipo neno "kuchagua" lilipoanza kusikika Mtwara. Kumbuka hilo, msomaji. Kwetu uchaguzi wa ndege una umri wa mtoto wa shule.

Sasa nije kwenye kisa.

Mwaka 2017 kiwanda kimoja cha watu binafsi kilitangaza zabuni ya vipuri vya mwaka mzima. Kwa duka kama letu ile ilikuwa ni neema. Bahasha ilitakiwa iwe ndani ya sanduku, Dar es Salaam, kabla ya saa nane mchana, tena yenye karatasi halisi, si nakala. Barua ya dhamana ya benki tuliipata jioni ya siku ya kuamkia hiyo siku. Mama akanunua tiketi ya ndege ya asubuhi, ile iliyokuwa nafuu kuliko zote. Saa kumi na mbili asubuhi mimi niko uwanjani, shati limepigwa pasi, bahasha kifuani.

Saa ya kuruka ikafika, ndege haipo. Baadaye kidogo tukaambiwa kuna "hitilafu ya kiufundi". Tukangoja. Saa nne tukaambiwa itakuja. Saa tano na nusu tukaambiwa safari imefutwa, turudi kesho. Jina la shirika nalihifadhi, halisaidii kitu hapa. Shirika lingine ndege yake siku hiyo ilikuwa ya alasiri. Nilimpigia Mama simu. Alinyamaza, halafu akasema, "Basi, mwanangu. Rudi ule."

Zabuni ilikwenda kwa wengine. Mwezi wa tatu yake Mama alimwita fundi wetu, baba wa watoto wanne, mtu aliyenifundisha kuitambua beringi kwa kuisikiliza tu, akamweleza kwamba duka haliwezi tena kumlipa. Alifunga vifaa vyake kwenye gunia, akarudi kwao Newala. Hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu, "Hivi ile ndege ilikuwa na nini hasa?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Wiki hiyo hiyo Mama alinijia na kauntabuku jipya. "Mwanangu," akasema, "kila siku nakuona unaandika mashairi nyuma ya vitabu vya risiti. Sasa niandikie na hili. Tupande ndege ipi?"

Nikachora safu tano. Tarehe; saa iliyoandikwa kwenye tiketi; saa ambayo magurudumu yaliacha ardhi; sababu tuliyopewa; na fedha iliyotoka mfukoni kwa kuchelewa huko. Kila safari niliandika. Abiria wengine walidhani mimi ni mtu wa usalama. Wazee wangu nao walinikumbusha methali, mchagua jembe si mkulima. Lakini mimi naona mkulima mwenye fedha ya jembe moja tu ndiye hasa anayepaswa kuchagua. Tajiri jembe likivunjika ananunua lingine.

Haya ndiyo niliyoyapata.

La kwanza, usimuulize muuza tiketi bei kabla hujamuuliza hivi: "Hii isipokuja, inayofuata ni lini?" Shirika lenye safari ya kila siku na shirika lenye safari tatu kwa wiki si ndugu, hata kama ndege zao zinafanana. La siku tatu likifuta safari ya Ijumaa, wewe utaonana nalo Jumatatu. Tuseme tiketi yake ni rahisi kwa shilingi 60,000. Ukilala Dar usiku mmoja ambao hukuupanga, ukalipa chumba, chakula na teksi mbili, hizo 60,000 zimeshayeyuka, na bado hujahesabu duka lililofungwa. Mama alipoiona hesabu hiyo alitikisa kichwa. "Kumbe tulikuwa tunanunua kiti," alisema, "na tulichotaka ni siku."

La pili, uliza ndege yenyewe imelala wapi. Mtwara ni mwisho wa njia, kama zamani tulivyokuwa mwisho wa reli. Ndege inatoka Dar, inashusha, inapakia, inageuza. Kwa hiyo ikichelewa kwetu, mara nyingi ilichelewa huko kwanza. Ndege ya asubuhi mapema huwa imelala Dar. Imeamka, imenawa uso, imekuja. Ile ya alasiri pengine imeshakwenda Mwanza ikarudi, ikaenda Kilimanjaro ikarudi, na kila mahali imeokota dakika zake za kuchelewa kama mtoto anayeokota mabibo njiani. Zikifika kwako zimeshakuwa saa nzima. Ukiwa uwanjani usiulize "itafika saa ngapi", uliza "imesharuka Dar au bado?" Swali la kwanza hujibiwa kwa matumaini. La pili lina jibu moja tu la kweli.

La tatu, hesabu ndege za shirika. Lenye ndege chache, moja ikiingia gereji, ratiba yote inapata kwikwi. Hilo halihitaji ubaya wa mtu. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ilitangaza kwamba Airbus A220 zake zilikuwa zimesimama kwa ajili ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, na kasoro za injini za namna hiyo zilisumbua mashirika ya nchi nyingine pia. Sasa jiulize: shirika lolote likibakiwa na ndege pungufu, litapunguza wapi kwanza? Njia yenye abiria wengi na safari sita kwa siku, au njia ya Kusini yenye viti vitupu? Sisemi ni dhuluma. Nasema mtu wa mwisho wa njia alijue hilo kabla hajatoa fedha.

La nne, usiidharau pangaboi. Zile Q400 zilipoletwa 2016 watu walizicheka sana, ati tumeletewa ndege za mapanga. Loo! Kwa safari ya saa moja ndizo zenyewe. Ndege ya jeti hupata faida ikishapanda juu sana na kukaa huko. Safari fupi inakwisha kabla haijatulia. Ndege ya mapanga inakunywa mafuta kidogo, na haidai kiwanja kirefu sana. Q400 inachukua abiria 76 na ina mwendo mkali kuliko ATR, lakini kwa umbali wetu tofauti yake ni ya dakika chache, si ya kukufanya umwache mwenye ratiba nzuri.

La tano, soma masharti ya tiketi. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi haibadilishiki, au ukiibadilisha unalipa karibu kama mpya. Nani kati yetu aliwahi kuitwa kikao Dar kikafanyika siku ileile iliyosemwa? Safari ya harusi tarehe haihami. Safari ya biashara inahama kila siku. Kwa hiyo tunanunua kwenda peke yake na kurudi peke yake, na ile ya kurudi ndiyo tunayoitolea fedha zaidi, ili iweze kusogezwa.

La sita, nalisema kwa sauti ya chini. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR iliyotoka Dar ilianguka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Waliokuwamo ni 43, waliofariki 19, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Wiki iliyofuata nilisafiri. Ndani ya ndege hakuna aliyezungumza. Tulipokaribia Mtwara mvua ilikuwa nzito, rubani akazunguka mara mbili, kisha akatangaza kwamba tunarudi Dar. Jamaa mmoja nyuma akaanza kufoka ana kikao. Mama mmoja mzee, mwenye kanga na kikapu, akamgeukia: "Mwanangu, kikao kitakungoja. Kaburi halingoji." Ndege nzima ikapumua.

Tangu siku hiyo niligawa ile safu ya "sababu" mara mbili. Upande mmoja nikaandika Mungu, upande wa pili nikaandika Watu. Mvua, ukungu, upepo ni vya upande wa Mungu, na rubani anayekataa kutua simwekei alama mbaya, namwekea nzuri. Ndege moja kufanya kazi ya tatu, abiria kufichwa ukweli tangu saa mbili mpaka saa tano, hayo ni ya Watu. Shirika la kulikimbia ni lile ambalo upande wa Watu umejaa.

Na wasiokuwa na fedha ya ndege je? Swali hili kijiweni huniuliza kila mara, na ni la haki. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile, barabara ikakatika maeneo ya Somanga, madaraja yakasombwa, mabasi ya Dar yakakwama huku na huku. Waliotaka kupita kwa gari walilazimika kuzungukia Tunduru na Songea. Siku zile uwanja wetu ulijaa watu ambao hawakuwahi kupanda ndege: mama anayempeleka mtoto hospitali, mwanafunzi, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Hakuna aliyeuliza chai. Kila mmoja aliuliza, "Ipo? Inakuja?" Ndipo wale washikaji walipoacha kuniita Rubani, angalau kwa wiki mbili.

Hata nje ya nchi mambo ni yaleyale. Mwaka 2016 Mama alipata mteja Pemba, ile ya Msumbiji, si ya Zanzibar. Ukipima kwenye ramani ni kama kilomita 300 kutoka hapa, chini tu ya Mto Ruvuma. Kwa gari ilikuwa ushuke Kilambo, ungoje maji yajae ndipo pantoni ivuke. Kwa ndege, tiketi zote nilizoulizia zilinipeleka kwanza Dar, kaskazini, ndipo zinigeuze kusini tena, yaani nipite angani usawa wa kwetu nikiwaangalia watu wa nyumbani wanaanika samaki! Oktoba 2017 mapigano yalipozuka Mocímboa da Praia, biashara ile ikafa. Lakini somo nililibeba: safari fupi kwenye ramani si lazima iwe fupi kwenye tiketi.

Basi mwisho wa yote, Mama alitaka jina moja. Aliketi, akavaa miwani, akaniambia, "Haya, bwana karani, nitajie." Nikamwambia jina moja halipo. Shirika la kupanda hubadilika kwa msimu, ndege zikiongezeka au zikipungua. Kinachobaki ni utaratibu. Jambo lenye saa maalumu, tunakwenda siku moja kabla, na shirika ambalo lina ndege nyingine nyuma yake. Kurudi, tiketi inayosogea. Jambo lisilo na haraka, basi, na kitabu cha kusoma njiani. Na kauntabuku halifungwi. Hakupenda sana, alitaka jina. Lakini ndivyo tunavyokwenda mpaka leo, na hatujakosa sanduku la zabuni tena.

Fundi hajarudi. Nilimtembelea Newala msimu wa korosho uliopita. Anatengeneza mashine za watu chini ya mwembe wake, na anasema hana mpango wa kuajiriwa tena.

Kwa ninyi vijana wenzangu mnaotafuta cha kuandika, nina neno moja. Mwaka jana nilikuwa kaunta ya uwanjani, ndege imechelewa, nikafungua kauntabuku langu nikaanza kujaza. Mkubwa wa kituo wa shirika lile akanisogelea. "Ndugu, unaandika nini?" Nikamwonyesha. Akapekua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka akafika tarehe moja aliyoikumbuka. Akaniuliza, "Nani amekutuma?" Nikamjibu, "Mama." Akacheka kidogo, akarudi ofisini. Baada ya dakika kumi akatoka, akasimama mbele ya abiria wote na kusema, bila kuzungukazunguka: ndege bado iko Dar, haijaruka, itaruka saa tisa, mwenye haraka aje abadilishiwe sasa hivi. Watu kadhaa wakakimbilia dirishani. Mimi nikaangalia saa, nikaandika.